Mswada wa Hadithi ya Upelelezi na Msomaji Wake wa Kwanza

Kusudi la makala haya ni kuieleza kazi moja isiyotajwa sana katika mazungumzo yetu juu ya maandishi ya Kiswahili, nayo ni kazi ya kuusoma mswada wa hadithi ya upelelezi kabla haujapigwa chapa, na kumpa mtungaji wake maoni ya kijuzi. Kwa maoni ya kijuzi twakusudia hukumu ya mtu mwenye elimu maalumu ya jambo linalohusika, aliyeombwa kuifanya kazi hiyo, naye akaitoa hukumu yake kwa maandishi pamoja na sababu zake. Sifa za jamaa na masahaba, hata zikiwa za kweli, hazimo katika maana hiyo.

Huenda mtu akauliza kwa nini hadithi ya upelelezi itengwe na hadithi nyingine. Riwaya ya mapenzi au ya maisha ya ukoo yaweza kuwa na sura moja dhaifu na bado ikapendwa. Hadithi ya upelelezi imejengwa kama hesabu: tarakimu moja ikikosewa katika mstari wa tatu, jibu la mstari wa mwisho huharibika, hata kama mwandiko ni mzuri. Tena kuna sababu ya pili iliyo na uzito zaidi. Ustadi wa hadithi hizi umo katika kumficha muuaji machoni pa msomaji ilhali anaonyeshwa waziwazi. Na mtungaji ndiye mtu pekee asiyeweza kabisa kuusoma mswada huo bila kumjua muuaji. Awe hodari namna gani, hawezi kuipima siri aliyoiweka mwenyewe. Hajui kama ameificha mno hata haipatikani kwa haki, au ameifunua mno hata mtoto ataitambua katika sura ya pili. Kipimo hicho kimo katika macho ya mtu mwingine tu. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na mtungaji wa upelelezi anayeuficha mswada wake mpaka siku ya kutoka kitabu hujinyima kipimo hicho cha pekee.

I. Asili ya kazi hii katika Kiswahili

Kuisoma miswada kwa ujuzi si jambo geni kwetu. Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Unguja, Kenya na Uganda, ambayo ndiyo asili ya chuo cha uchunguzi wa Kiswahili kilichowekwa Dar es Salaam mwaka 1964, ilipewa miongoni mwa kazi zake kuvitazama vitabu kabla ya kupigwa chapa na kuisahihisha lugha yake. Yaani uchunguzi wa Kiswahili katika vyuo vyetu ulizaliwa ndani ya nyumba ya wasomaji wa miswada. Hata hivyo wasomaji wale waliitazama lugha zaidi kuliko hadithi. Swali lao kubwa lilikuwa kama maneno na maendelezo yake yalifuata Kiswahili Sanifu. Swali la kama muuaji amefichwa vizuri halikuwahusu, kwa kuwa hadithi za namna hiyo zilikuwa hazijatungwa.

Hatua ya pili ililetwa na shirika la East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwaka 1948. Shirika hilo lilipokea miswada, likaichapa, likaweka na mashindano ya utungaji. Katika mashindano yake ya mwaka 1957/58 tuzo ya kwanza ilichukuliwa na Muhammed Said Abdulla wa Unguja kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka kitabu mwaka 1960. Hadithi hiyo ilimtambulisha Bwana Msa kwa wasomaji, nayo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Yafaa kukumbuka kwamba kabla haijasomwa na umma ilisomwa na waamuzi wa mashindano. Yafaa pia kukumbuka kwamba mtungaji mwenyewe alikuwa amekwisha kufanya kazi ya ukaguzi katika idara ya afya, kisha kazi ya uhariri wa magazeti. Hakuwa mgeni wa kuchunguza jambo kwa macho, wala wa kusahihishwa na kusahihisha. Mwaka 1965 shirika lilo hilo lilitoa Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, na fani ikawa imeota mizizi Bara na Visiwani.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mlango huo mmoja wa nchi zote ulifungwa. Baadaye watungaji kadha wa upelelezi waliingia wenyewe katika kazi ya uchapishaji, Ben R. Mtobwa, kwa mfano, alianzisha kampuni ya Heko. Jambo hili liliwapatia watu vitabu vingi vya kusoma kwa furaha, na hapana wa kulilaumu. Lakini mtungaji anapokuwa mchapishaji wake mwenyewe, kiti cha msomaji wa kwanza hubaki kitupu, ila akijaze kwa makusudi. Na leo, ambapo mtu yeyote aweza kuutoa mswada wake bila ya kupita kwa mchapishaji, hatari hiyo imekuwa ya kila mtungaji.

II. Mfano mmoja kutoka Uingereza

Tutazame sasa mfano mmoja mashuhuri, tupate kuona maoni ya kijuzi yaweza kufanya nini. Katika Vita Kuu ya Kwanza Agatha Christie alikuwa akifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali katika mji wa Torquay. Mwaka 1916 alitunga hadithi ya mauaji ya sumu, The Mysterious Affair at Styles. Mswada ulikataliwa na wachapishaji zaidi ya mmoja, kisha ukapelekwa kwa John Lane, mwenye kampuni ya The Bodley Head, ukakaa huko kadiri ya miaka miwili bila jibu. Hatimaye mtungaji aliitwa. Aliambiwa kwamba hadithi itachapwa, lakini yafaa abadili mambo kadha, na hasa sura ya mwisho. Katika mswada wa kwanza mpelelezi Hercule Poirot aliifumbua siri yote mahakamani, akiwa kizimbani kama shahidi. Sura hiyo haikuaminika, maana hapana mahakama itakayomwacha shahidi atoe hotuba ndefu ya namna ile, achanganye aliyoyaona na anayoyadhani, kisha amtaje muuaji. Christie aliiondoa mahakama, akawakusanya watu wa nyumba ile sebuleni, na Poirot akasema nao huko. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1920, na Uingereza mwaka 1921.

Mfano huu una mafunzo matatu. La kwanza, lililoonekana kuwa na kasoro lilikuwa jambo la sheria, si la ufasaha, na mtungaji mwenyewe hakuliona. La pili, aliambiwa kilipo kidonda, lakini dawa aliichanganya mwenyewe; na dawa hiyo, yaani kuwakusanya washukiwa wote chumbani na kuwafumbulia siri mbele ya macho yao, ikawa baadaye desturi ya fani nzima, hata watu wakasahau kwamba ilizaliwa kwa kusahihishwa. La tatu, mapatano aliyotia sahihi yalikuwa mabaya kwake: hakupata chochote mpaka zilipouzwa nakala 2,000, akafungwa kwa vitabu vingine vitano, na faida yake yote kwa kitabu kile cha kwanza ilikuwa paundi 25. Basi msomaji wa mchapishaji aweza kuwa mkweli katika fani, na mchapishaji yule yule akawa mgumu katika fedha. Mtungaji asilikatae neno la kweli kwa sababu ya pili, wala asitie sahihi kwa furaha ya sababu ya kwanza.

Sifa moja ya kitabu hicho yafaa kutajwa. Mambo yake ya sumu yalisifiwa na gazeti la wauza dawa wa Uingereza, kwa kuwa mtungaji aliijua kazi hiyo kwa mikono yake. Palipokuwa na ujuzi hapakuhitajiwa msomaji. Palipokosekana, yaani katika taratibu za mahakama, ndipo alipohitajiwa.

III. Wasomaji watatu

Kutokana na hayo twaona kwamba msomaji mmoja hatoshi, maana hakuna mtu ajuaye yote. Mswada wa upelelezi wahitaji wasomaji wa aina tatu.

Wa kwanza ni mjuzi wa fani, anayeangalia kama mchezo umechezwa kwa haki. Mwaka 1929 Ronald Knox, padre aliyekuwa pia mtunga hadithi, aliandika kanuni kumi za upelelezi, mojawapo ikiwa kwamba mpelelezi asipate dalili yoyote bila kumwonyesha msomaji mara moja. Kanuni nyingine za Knox zimevunjwa na mabingwa wenyewe, lakini hiyo imedumu. Msomaji wa fani aanze bila kuambiwa mwisho. Afikapo robo tatu ya mswada aufunge, aandike anamshuku nani na kwa dalili zipi, ndipo aendelee. Karatasi hiyo moja ina faida kubwa kwa mtungaji kuliko kurasa nyingi za sifa. Ikiwa msomaji amemtaja muuaji kwa dalili zile zilizokusudiwa, siri ni nyepesi. Akiwa amemtaja kwa sababu nyingine, kama vile kwa kuwa ndiye mtu pekee asiye na kazi katika hadithi, kosa ni la muundo. Na ikiwa hata baada ya kuambiwa haoni dalili zilizomwelekeza huko, basi mtungaji amedanganya.

Msomaji wa fani huhesabu pia nyuzi zilizoachwa zikining'inia. Yasimuliwa kwamba hadithi ya Raymond Chandler, The Big Sleep, iliyotoka mwaka 1939, ilipokuwa ikitengenezwa filamu, watengenezaji walimwuliza mtungaji ni nani aliyemwua dereva wa familia ile, naye akajibu kwamba hata yeye hajui. Kitabu cha Chandler kilisimama kwa uzuri wa usemi wake. Mtungaji mchanga asiitegemee bahati hiyo.

Wa pili ni mjuzi wa mambo: askari kanzu, daktari, mwanasheria, au fundi wa kazi yoyote iliyotajwa. Huyu hahitaji kupewa mswada mzima. Sura zinazomhusu zatosha. Mwaka 1956 Geoffrey Boothroyd, mjuzi wa silaha, alimwandikia Ian Fleming kumweleza kwamba bastola aliyompa jasusi wake James Bond haimfai mtu wa kazi ile. Fleming alikubali, na katika kitabu cha Dr. No cha mwaka 1958 jasusi alinyang'anywa bastola yake ya zamani akapewa Walther PPK. Marekebisho yaligeuka kuwa sehemu ya hadithi. Lakini barua hiyo ilikuja baada ya vitabu kadha kutoka; mtungaji mwenye busara huitafuta mapema.

Wa tatu ni mjuzi wa lugha. Kazi yake katika hadithi ya upelelezi ni tofauti kabisa na ile ya kitabu cha shule, nasi tutairudia peke yake.

IV. Sheria na tiba

Makosa mengi ya mambo hutokana na kunakili filamu na vitabu vya kigeni. Hukutwa mswada ambao mauaji yametokea Tanga au Morogoro, na mshtakiwa ahukumiwa na baraza la raia kumi na wawili kama ilivyo Marekani. Katika Tanganyika, kisha Tanzania Bara, kesi za mauaji kwa miaka mingi zilisikilizwa na jaji wa Mahakama Kuu akikaa pamoja na wazee wa baraza, ambao walitoa maoni yao lakini hawakumfunga jaji. Mtungaji anayejua hivyo hupata wazee wenye sura, umri na mila za mahali, ambao waweza kumwuliza shahidi swali ambalo mwanasheria hakulifikiria. Kosa likisahihishwa, hadithi hutajirika.

Vivyo hivyo katika mirathi, ambayo ndiyo chanzo cha mauaji katika hadithi nyingi. Tuseme mtungaji amemfanya kijana wa Kiislamu wa Unguja amwue mjomba wake apate kumrithi, ilhali mjomba ameacha wana. Mjuzi wa sheria atasema mara moja kwamba sababu hiyo haipo. Mtoto wa dada hamo katika warithi wenye fungu wala katika asaba. Aliyeua hamrithi aliyemwua. Na wasia haupiti theluthi ya mali. Basi ama kijana huyu hakuijua sheria, na hilo lenyewe liwe sehemu ya hadithi, au muuaji ni mtu mwingine. Kisha msomaji wa Mombasa au Pemba, ambaye mambo haya ameyasikia tangu utoto wake, atamwondoa kijana katika orodha ya washukiwa hapo hapo, na mtungaji hatajua kwa nini hila yake imeshindwa.

Katika tiba, hatari kubwa ni joto. Vitabu vya Ulaya humfundisha mtungaji kukisia saa ya kifo kwa ubaridi wa mwili na kwa kukakamaa kwake. Mwili wa mtu aliye hai una joto la kadiri ya nyuzi 37. Katika chumba cha pwani chenye joto la nyuzi 32 mwili hupoa polepole mno, na kipimo cha nchi za baridi hakifai. Kwa upande wa pili, kukakamaa na kuoza huharakishwa na joto. Mpelelezi anayegusa mkono wa maiti katika nyumba ya bati mwezi wa Februari, akatangaza kwamba mtu huyu amekufa karibuni kwa kuwa bado ana joto, amejiaibisha mbele ya kila daktari msomaji. Lakini mtungaji aliyeambiwa habari hizi aweza kumpa kosa hilo mpelelezi mpumbavu, na mpelelezi mwerevu akalisahihisha.

V. Lugha kama dalili

Sasa tufike katika jambo linalowahusu zaidi wasomaji wa jarida hili. Kiswahili kina tabia ambazo mtunga upelelezi hazipati katika Kiingereza, na nyingine zinazomsaliti asipoangalia.

Kwanza, kiambishi cha nafsi ya tatu hakibagui mume na mke. Sentensi kama "aliingia, akamkaba, akatoka" yaweza kumficha muuaji kwa haki kabisa, ambapo mtungaji wa Kiingereza hulazimika kuchagua au kuzungukazunguka. Lakini lugha hii inayoficha huku, hufunua kwingine. Mtungaji akiandika kwamba aliyetoka dirishani alikuwa "ameoa miaka michache nyuma", amekwisha kusema kwamba ni mwanamume, kwa kuwa mwanamke huolewa. Maneno ya udugu nayo ni hivyo hivyo: wifi hasemi juu ya mtu mmoja tu, husema juu ya wawili, maana ni mwanamke na mwanamke. Msomaji wa lugha avifuatilie vitenzi na majina ya namna hii katika kila ukurasa anamotajwa mtu asiyejulikana.

Pili, ngeli. Silaha isiyojulikana yahitaji upatanisho, na upatanisho ni shahidi asiyenyamaza. Tukisema "iliyotumika" kwa kuifuata "silaha", hatujafunua kitu. Lakini mtungaji anayejua moyoni kwamba marehemu alipigwa kwa mchi wa kinu huponyokwa mara moja akaandika "uliotumika ulikuwa umeoshwa". Kisu kimetoka katika orodha, na shoka, na jiwe, na bastola. Umebaki mchi, mpini, mkuki au upanga. Msomaji mwepesi amekwisha kufika jikoni kabla ya mpelelezi.

Tatu, kosa hilo hilo laweza kuwa dalili nzuri likiwekwa kwa makusudi. Tuseme shahidi anaulizwa kama alimwona tajiri wake usiku ule, naye asema: "Niliuona pale kitandani, nikadhani amelala." Angekuwa kweli alidhani amelala, angesema "nilimwona". Kiambishi -u- ni cha mwili. Ulimi wake umekiri kwamba alijua anatazama maiti. Dalili hii ni ndogo, ni ya haki, na haiwezi kufasiriwa. Ndiyo mali ya Kiswahili peke yake.

Nne, saa na siku. Saa mbili usiku ya Kiswahili ni saa 20.00 katika daftari la polisi, na 02.00 ya daftari ni saa nane usiku. Mtungaji asiyeshika hesabu moja hujikuta amempa mshukiwa muda wa saa sita usiokuwapo. Na hatari iliyo kubwa zaidi imo katika usiku wenyewe. Kwa watu wa pwani wanaoifuata hesabu ya Kiislamu, siku huanza jua linapokuchwa, na "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao mtu wa bara huuita Alhamisi usiku. Mashahidi wawili wakweli waweza kupishana kwa siku nzima bila hata mmoja wao kusema uongo. Mtungaji anayeyajua haya ana fundo zuri la hadithi. Asiyeyajua ana tundu katika hadithi yake.

Tano, lahaja. Mtu aliyejitambulisha kuwa mzaliwa wa Unguja, kisha kwa hofu akataja "mato" badala ya "macho", amejitoa mwenyewe kwa kuwa hilo ni neno la Amu na Mombasa.

Hapa ndipo penye jambo zito. Dalili zote hizi zaweza kufutwa kwa kalamu moja ya msahihishaji mwema. Msahihishaji aliyezoea vitabu vya shule ataigeuza "niliuona" kuwa "nilimwona", ataifanya "mato" kuwa "macho", na ataueleza "usiku wa Ijumaa" kuwa "Alhamisi usiku" ili mwanafunzi asipotee. Kila alilolifanya ni sahihi kwa kanuni zake. Na akimaliza, muuaji hawezi tena kukamatwa kwa njia yoyote ya haki. Usanifishaji wa Kiswahili umewahi kulaumiwa na wenyeji wa lugha kwamba uliondoa ladha ya usemi wao katika vitabu. Katika hadithi ya upelelezi hasara si ya ladha tu, bali ya ushahidi. Kwa sababu hiyo msomaji wa lugha, tofauti na msomaji wa fani, sharti aujue mwisho kabla ya kuanza, na apewe pamoja na mswada orodha ya siri ya maneno yasiyoguswa, ukurasa kwa ukurasa.

VI. Namna ya kuomba na namna ya kupokea

Mtungaji akitaka maoni ya kijuzi, asipeleke mswada ambao mwenyewe bado anaujua kuwa na makosa. Atakuwa amemtuma mjuzi kazi ya karani. Auchape kwa nafasi pana kati ya mistari, autie nambari za kurasa, na auambatanishe na barua fupi yenye maswali yaliyo wazi. Swali la "waonaje hadithi yangu?" huleta jibu la adabu. Swali la "katika sura ya tisa, je, mkuu wa kituo aweza kuingia na kupekua nyumba hii bila hati?" huleta elimu. Wapatane mapema juu ya muda, juu ya ijara, na juu ya kutunza siri ya mswada. Ijara isionewe haya na upande wowote, kwa kuwa kusoma kwa kalamu mkononi ni kazi ya siku nyingi.

Msomaji kwa upande wake aandike ripoti yenye mafungu matatu, asiyachanganye. Fungu la kwanza ni makosa, yaani yale yasiyoweza kuwa kweli, na kila moja litajiwe ukurasa na sababu. La pili ni mashaka, yaani mahali ambapo jambo lawezekana lakini yeye hakuliamini. La tatu ni mapendekezo, na haya ni ya ladha yake tu. Asiiandike upya hadithi ya mwenziwe. Ripoti inayochanganya ladha na kosa humfanya mtungaji ama akubali yote kwa unyonge ama akatae yote kwa hasira, na njia zote mbili huua mswada.

Mtungaji akiipokea ripoti, na akae nayo siku kadha kabla ya kujibu. Makosa ayasahihishe bila ubishi. Mashaka ayapime: msomaji mmoja akitia shaka, huenda ni yeye, wasomaji wawili wakitia shaka mahali pamoja, hata kama kila mmoja ana dawa yake tofauti, mahali hapo pana ugonjwa. Dawa aitafute mwenyewe, kama Christie alivyoitafuta. Mapendekezo ayachukue au ayaache, kwa kuwa akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Hatimaye twataka kusema neno juu ya vyuo vyetu. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967 kuisimamia lugha, na vyuo vikuu vimewatoa wahakiki wengi wa riwaya. Lakini mhakiki huja baada ya kitabu kutoka. Maneno yake humfaa mwanafunzi, nayo hayamfai tena mtungaji, ambaye kosa lake limekwisha kupigwa chapa. Riwaya ya upelelezi imesomwa na watu wengi ambao hawajagusa kitabu kingine cha Kiswahili baada ya kuacha shule. Ikidharauliwa na wajuzi, itaendelea kutoka bila wao, yenye mahakama za kigeni na saa zilizopishana, na msomaji ataizoea kasoro akadhani ndiyo Kiswahili. Pendekezo letu ni dogo: kila idara ya Kiswahili iweke daftari la wajuzi walio tayari kusoma miswada, wa lugha, wa sheria, wa tiba na wa polisi, na iwafundishe wanafunzi wa fasihi kuandika ripoti ya msomaji kama inavyowafundisha kuandika tahakiki. Kamati ya mwaka 1930 iliwasomea watungaji wa vitabu vya shule. Mtungaji anayemficha muuaji wake katika kiambishi kimoja cha Kiswahili anastahili msomaji atakayekiona kiambishi hicho, na akakiacha mahali pake.